Mto Aliouziwa Spana

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya karakana ya baiskeli, lenye mguu uliofungwa kwa kipande cha tairi. Hapo tunakunywa kahawa na kuitengeneza dunia, na mpaka leo dunia haijatengemaa. Asubuhi ile Spana, mwenye karakana, alikuwa amekalia mto mwekundu, amenuna. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa anafungua duka lake la mito. Wenzake wa kikundi walimdhamini akapata mkopo wa cherehani, wakasoma pamoja mafunzo ya biashara, na leo alimwomba mumewe afike. Mumewe yuko nasi.

Mimi: Spana, mkeo anafungua duka, wewe umeganda hapa?

Spana: Niache. Kule kwenye mafunzo walipewa kazi ya nyumbani: kamuuzie kitu mtu mgumu kuliko wote unaowajua.

Redio (muuza magazeti, hana swichi ya kuzima): Akakuchagua wewe!

Spana: Akaniletea mto. Nikaubonyeza, nikaunusa, nikamwambia mshono umepinda, bei kali. Yeye anatabasamu tu: "Karibu mteja, jaribu kuulalia." Nikaulalia. Nikalipa taslimu.

Kesho (fundi rangi, kazi zako zote atakufanyia kesho): Sasa kosa liko wapi?

Spana: Asubuhi natafuta mto wangu wa zamani, siuoni. Navua foronya ya huu mpya, ndani nakuta doa langu la grisi. Jamani, nimenunua mto wangu mwenyewe!

Tulicheka mpaka mguu wa benchi ukalegea.

Spana: Chekeni tu. Kikundi kizima sasa wananiita Mteja Mgumu. Nikienda leo, nitaweka wapi uso?

Redio: Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi: Huo ni mto, Redio.

Redio: Mto una foronya, foronya ni nguo. Sikilizeni. Kule wanafundishwa kusoma uso wa mwanamume. Ukikunja paji tu, bei inapanda.

Kesho: Hiyo ndogo. Si wanadhaminiana? Sasa watatuweka waume dhamana. Unaamka, umehamishiwa kwa jirani mpaka deni liishe!

Redio: Halafu watauza mtaa mzima, tutaununua sisi wenyewe, na tutashukuru.

Kesho: Ndiyo maana ya haba na haba hujaza kibaba. Haba ndiyo sisi.

Mimi: Na huo mto, Spana, mbona umeukalia?

Spana (kwa sauti ya chini): Ameushindilia pamba mpya. Shingo haiumi tena.

Hapo akatokea mama mmoja, jasho linamtiririka, khanga begani.

— Habari zenu, kaka zangu. Duka jipya la Mama Pacha liko wapi?

Redio, anayejua habari za dunia nzima, akachungulia ndani ya kikombe. Kesho akajikuna kichwa. Aliahidi kulipaka rangi duka hilo, hakwenda hata kuliona, wanawake wakachoka kumngoja, wakapaka wenyewe. Spana akanyoosha mkono kushoto, akaurudisha, akaunyoosha kulia, ukabaki hewani. Hakuwahi kumuuliza mkewe duka liko wapi.

— Kwa hiyo hapa hakuna anayemfahamu?

— Mimi ni mume wake, — Spana akasema, na nilimwonea huruma. Akauchukua mto, akaupachika kwapani. — Twende, dada. Tutaulizia wote.

Tukawafuata, vikombe mkononi. Hatukuulizia sana, maana vigelegele vilisikika nyuma ya mashine ya kusaga. Mama Pacha alikuwa mlangoni, utepe wa kupimia shingoni. Alipomwona mumewe akamsogelea.

— Umepajuaje?

— Nimeulizia njia, mke wangu. Nimechelewa kuulizia.

Mama Pacha akajifuta macho kwa ncha ya utepe. Spana akauweka mto wake mezani.

— Naomba wa pili. Ila leo nauangalia ndani kwanza.

— Mteja Mgumuuu! — kikundi kizima kikapaza sauti, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Spana mwenyewe.