Mama Chekeche Aliyetusimamishia Bwawa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kusoma umri wa miamba, Mama Chekeche wa maabara ya mashapo anastaafu tarehe 30 Juni. Kazi ya kuandika habari zake nimepewa mimi, mkuu wa uchorongaji, yaani kutoboa miamba, ingawa kila mtu hapa anajua tumegombana miaka kumi na tisa. Labda ndiyo maana.

Jina hilo alilipata kwa kuosha tope juu ya chekeche mpaka vibaki visukuku: vigamba vya viumbe wa baharini, vidogo kuliko punje ya chumvi. Kila zama zina vigamba vyake, naye huvitazama kwa hadubini akakuambia mwamba ni wa lini. Huvitazama taratibu mno. Vikombe vyetu vya chai viligeuka vyombo vya kulowekea udongo, na aliyelalamika aliambiwa akanywe kwake.

Mwaka wa bwawa ndio ulionimaliza. Mitambo iko bondeni, mkandarasi ananipigia simu asubuhi na jioni, nasi tumeshaandika kwamba mwamba wa pande zote mbili za bonde ni mmoja. Rangi moja, ugumu mmoja. Yeye akakataa kutia saini. Vigamba vya upande wa kushoto, alisema, ni vya kale zaidi. Basi zamani ardhi ilipasuka katikati na upande huo ukapanda.

Nilimwendea nimefura. "Mama, watu wanasubiri."

"Wasubiri, baba," akajibu bila kuinua macho. "Chimba mtaro hapo katikati, kisha uje tugombane."

Nilichimba ili nimwaibishe. Siku ya tatu tukaukuta ufa, umejaa udongo laini. Mkono wangu ulizama hadi kwenye kiwiko. Ukuta wa bwawa ungekaa juu yake, na mji mzima uko chini ya bonde. Nilikaa ukingoni mwa mtaro.

Ukuta ulihamishiwa mbali na ufa, juu zaidi bondeni. Yeye hakujisifu. Alinitumia tu orodha ya sampuli nyingine alizozitaka, themanini na mbili, na za haraka.

Anatuachia slaidi za vigamba elfu kumi na moja zilizopangwa, na wataalamu wawili aliowafundisha, wakaidi kama yeye.

Mama, asante kwa kutukatalia. Mapumziko yako yawe marefu, yenye afya, na yaanze kweli: funguo za maabara tunazisubiri mapokezi siku hiyo kabla ya saa kumi jioni. Mumeo ameahidi kuja kukutoa mwenyewe.