Jina Ambalo Mama Kornelia Alilitunza

Mama Kornelia Ntirampeba alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 kule Ruyigi, Burundi, siku ya mvua ya mawe. Alilia kwa nguvu mpaka ng'ombe wa mlima wa pili wakadhani wanaitwa, wakarudi nyumbani saa sita mchana. Anayebisha amlete ng'ombe mmoja aje kukanusha.

Shule aliionja miaka miwili. Mwalimu alimwambia baba yake kwamba mdomo wa mtoto huyu unatosha darasa zima. Akarudi shambani, wala hakununa.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na Athanasi, mwanamume mpole ambaye tangu aliposema "ndiyo" kanisani hakupata tena nafasi ya kuongea. Mwaka 1972, mauaji yalipozuka kwao, walikimbilia Tanzania kwa miguu, na njiani Kornelia akajifungua binti. Kwa desturi ya kwao, mtoto hupewa jina siku mama anapotoka nje baada ya uzazi. Binti yule hakuifikia siku hiyo. Alizikwa porini bila jina, ingawa mama yake alikuwa amekwisha kumchagulia: Mizero, yaani matumaini. Baadaye, wakiwa kwenye kambi ya wakimbizi, Mungu aliwapa Yoeli na Angelika. Jina lile hakumpa hata mmoja wao. Alisema lina mwenyewe.

Athanasi alifariki mwaka 2003. Mwaka 2008 Kornelia alivuka bahari, akafika mji wa Louisville, akakaa mtaa wa Beechmont, akapata kazi ya kufunga maboksi kiwandani Jeffersontown. Huko alimkuta Bhavesh, Mhindi mzaliwa wa Kigoma, mwenye Kiswahili kama maji. Kabla ya mapumziko ya chakula walikwisha kuitana kaka na dada.

Oktoba 2011 Bhavesh na mkewe Hansa, mzaliwa wa Mwanza, walipata binti. Kwa Wagujarati wenzao, jina hutolewa na shangazi, dada wa baba. Mtoto hulazwa kwenye kitambaa, watoto wanne hushika pembe na kumbembeza, naye shangazi humnong'onezea jina sikioni. Bhavesh hakuwa na dada, na mama mkwe wa Hansa alikuwa akilia kwenye simu.

"Dada huyu hapa," alisema Kornelia. "Tumepishana nywele tu."

Kuhani alikuwa ameangalia nyota ya mtoto, akasema jina lianze na A. Hansa akaleta majina mapya mapya, ya kisasa. Kornelia akamgeukia Bhavesh. "Kaka, kwenu matumaini mnayaitaje?"

"Asha."

"Basi ndiye huyo."

"Wifi! Hilo ni jina la mabibi!"

"Kwani yeye hutaki azeeke?"

Hansa alicheka, lakini hakukubali. Ndipo Kornelia alipoketi na kumweleza habari za yule wa njiani, ambazo hakuwahi kumsimulia mtu wa nje tangu avuke mpaka. "Jina lake siwezi kumpa mwingine," alisema. "Maana yake naweza."

Hansa aliinuka. Alimbeba mtoto, akamlaza mwenyewe kwenye kitambaa. Kornelia akainama.

Mwaka 2013 Yoeli alimchukua akakae naye Reynoldsburg, pale Columbus, alee wajukuu. Moyo ulipoanza kumsumbua mwaka uliofuata, Angelika alimhamishia kwake Buffalo. Huko alianika kitenge nje wakati wa baridi. Kilipogandishwa na theluji, alisema, kiliingia ndani kimesimama chenyewe, naye kwa adabu akakiuliza kama kitakunywa chai.

Januari 2016 Bhavesh aliendesha gari kutoka Louisville na familia yake kuja kumuona. Asha alipanda kitandani, akamwekea mdomo sikioni. "Shangazi, ni mimi Asha."

"Najua," alisema mgonjwa. "Mimi ndiye niliyekuambia."

Usiku ule alimwagiza Angelika: "Mkinisomea wasifu mbele ya watu, msimruke wa kwanza." Alifariki tarehe 9 Februari 2016, mikononi mwa Angelika.

Ameacha watoto wawili, Yoeli na Angelika, wajukuu saba, kaka yake Bhavesh, wifi yake Hansa, na Asha. Wamemtangulia mumewe Athanasi na binti yao mkubwa, Mizero, ambaye jina lake leo limetajwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Mama apumzike kwa amani. Na akifika, amwite mwanawe kwa sauti ile ile iliyorudisha ng'ombe.