Kopo Lililokwenda na Jina Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa pumzi, asifiwe kwa kifua, asifiwe hata kwa kikohozi! Mimi ni Roza, wengi mwaniita Mama Fransisi. Padri ameniomba niseme kwa utulivu. Ananijua. Lakini utulivu niutoe wapi? Mambo haya nikiyaeleza nimekaa, miguu inaanza kutembea yenyewe.

Mnakumbuka masika ile mabwana afya walipopanda huku kwetu Mkunya na gari la serikali. Jumbe alipiga mbiu: kifua kikuu kinatafutwa nyumba kwa nyumba, kila mwenye kikohozi ajitokeze. Mkasema, aa, hao wanatuhesabia kodi! Wengine mkakimbilia mashambani, na nikiwataja hapa tutagombana. Bwana Rajabu, yule dresa, msaidizi wa daktari, kutoka Masasi, akapita akigawa vikopo vya bati vyenye vifuniko, kila kimoja kimebandikwa jina. Ukiamka asubuhi, kabla hujala wala kunywa, ukohoe kutoka chini kabisa kifuani, uteme humo, ufunike. Yeye atapita kukusanya, vipelekwe hospitali ya misheni huko bondeni vikapimwe.

Mimi nilikuwa nakohoa kidogo, kikohozi cha baridi na moshi wa jikoni, nikapewa kopo. Mama yangu mzazi, huyu mnayemwita Mama Roza, akaulizwa na yeye.

"Mimi? Kifua changu kizima, baba," akajibu, akabana midomo mpaka dresa akaondoka. Hapo ndipo akakohoa mpaka akashika nguzo ya nyumba. Nikamwuliza, Mama, vipi? Akasema ni vumbi. Jamani, vumbi masika!

Sasa nanyi mnajua tulivyolelewa. Mate ya mtu hayaachwi ovyo. Ukitema unafukia kwa mguu, asije mwenye roho mbaya akayaokota akakufanyia jambo. Mama aliona mate ya mwanawe wa pekee yanafungiwa koponi, tena na jina juu, yapakiwe garini yaende kwa watu asiowajua. Roho ikamwuma. Mimi asubuhi nilitema, nikafunika, nikachukua mtungi nikateremka bondeni kuchota maji. Niliporudi nilimkuta Bwana Rajabu mlangoni kwetu analifuta lile kopo kwa kitambaa, lina majivu mdomoni. Nililiona kwa macho yangu haya. Nikapita na mtungi wangu kichwani, akili yote iko kwenye uji wa mtoto.

Jibu likarudi: Roza ana kifua kikuu. Kile kibaya, cha kuambukiza.

Ndugu zangu, nililia! Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Lindi. Fransisi wangu ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Bwana Rajabu akasema nikalazwe, na mtoto abaki nyumbani nisije nikamwambukiza. Nikamwachisha ziwa siku ileile, nikamkabidhi kwa Mama. Ningempa nani mwingine? Nilipogeuka barabarani kutazama, Mama alikuwa amempakata, anamtafunia muhogo na kumtia mdomoni, kama alivyonitafunia mimi. Nikasema moyoni, mwanangu yuko salama.

Hospitali sikutulia. Nilizunguka barazani mpaka sista akaniuliza kama nimetumwa kupima sakafu. Maziwa yalinijaa yakaniuma. Tukafundishwa: mgonjwa awe na kikombe chake, afunike mdomo akikohoa, asilale na mtoto, asimtafunie mtoto chakula. Nikasema, asante Mungu, mimi niko mbali naye!

Kabla ya kunianzishia sindano wakapima tena makohozi yangu. Hakuna kitu. Wakapima mara nyingine, na nyingine. Safi! Daktari akakuna kichwa. Wodi nzima ikapiga vigelegele. Katekista wa pale akanishika mikono: "Roza, umeponywa! Jumapili utasimama kanisani ushuhudie!"

Nani hapendi muujiza, ndugu zangu? Nilishaanza kupanga maneno. Lakini moyo ulikataa kukaa. Nikila, chakula hakishuki. Nikiomba, naona muhogo. Nikajikemea: Roza, huna shukrani! Umepona na bado unahangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Jumamosi nikatoka nyuma ya jiko, nikamkuta mama mmoja anasugua sufuria kwa majivu. Majivu! Nani anasugua kopo lenye makohozi ndani? Lile kopo lilimwagwa, likasuguliwa, likatemewa upya! Na nyumbani kwetu tulikuwa wakubwa wawili tu. Nikakumbuka Mama alivyoacha kuteremka kuchota maji tangu mavuno, akisingizia mgongo. Nikakumbuka vumbi la masika. Kisha nikakumbuka mtoto wangu yuko mapajani kwa nani.

Hiyo Jumapili ya kushuhudia sikuingoja. Nikamweleza sista, naye akabadilika uso, akaniambia panda gari, linakwenda Newala na Bwana Rajabu sasa hivi, litapita kwenu. Kwenye mlima gari likanasa topeni. Wanaume wakashuka kusukuma; mimi nikashuka nikaanza kupanda kwa miguu. Bwana Rajabu akaita nyuma yangu, "Mama Fransisi, ngoja!" Ningoje nini?

Nilimkuta Mama barazani, mtoto mapajani, shavu la Mama limejaa muhogo anaomtafunia. Hata shikamoo sikutoa.

"Mama, kwenye kopo langu ulitema wewe?"

Akanitazama bila wasiwasi. "Nilitema mimi. Yako nimeyafukia nyuma ya nyumba, hakuna atakayeyapata. Mimi ni mti mkavu, mwanangu. Wakiniroga mimi, watafaidi nini?"

Nilitaka kupiga kelele. Nikacheka, kisha nikalia. Mtu amejitoa afe badala yangu, na kwa kujitoa huko anamwua mwanangu!

"Mama, mate yako yamesema kweli. Jina ndilo lilikuwa langu. Mwenye ugonjwa ni wewe."

"Nani kasema naumwa?"

Bwana Rajabu akafika anahema, akaamkia, akatoa kopo. Mama akageuza uso. "Sitemi."

"Mama," nikamwambia, "mate yako yalishakwenda bondeni, yakapimwa, habari zake zikarudi. Umerogwa?"

Akafungua kinywa anijibu, kikohozi kikamdaka. Kikamtikisa mpaka tukamshika, na alipoondoa kanga mdomoni ilikuwa na damu. Hakusema vumbi. Akamtazama Fransisi, aliyekuwa bado anatafuna alichotafuniwa. Akamsukuma polepole kuja kwangu.

"Mchukue," akasema. "Mweke mbali na mimi."

Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akiogopa, ndugu zangu. Siku ile aliogopa. Akalivuta kopo, akatema mbele yetu sote, akalifunika mwenyewe. "Safari hii bandika jina langu," akamwambia dresa.

Fransisi alikuwa ameguswa. Tezi shingoni, homa za jioni, mbavu unazihesabu. Wote wawili walilazwa, sindano na vidonge, zaidi ya mwaka. Mama alipoanza kunenepa akafunga mzigo atoroke, eti amepona! Bwana Rajabu alimfuata mpaka njiani akamrudisha. Na tuliporudi nyumbani na vidonge hakutuacha. Kila mwezi anabisha hodi: nani anameza, nani ameacha? Walioacha njiani tumewazika hapa hapa Mkunya, mnawajua. Wengine waliachishwa na sisi ndugu zao tuliowaambia inatosha.

Mimi nilikaribia kusimama kanisani nimshukuru Mungu kwa uponyaji usiokuwa wangu, huku mwanangu anazidi kuungua. Mungu akaninyima raha. Ndugu zangu, namsifu kwa kuninyima raha! Kama angenipa amani Jumamosi ile, leo ningekuwa na kaburi dogo.

Bwana Rajabu yuko nje na makopo yake. Usimtemee mwanao koponi mwake, wala usimfichie mumeo kikohozi. Kila mtu na kifua chake. Na mate yako, ukiyaogopea, mkabidhi Mungu ayachunge njiani. Aliweza kuyachunga ya mama yangu.

Najua mnageuka kumtafuta Fransisi. Ndiye yule aliyevuta kamba ya kengele asubuhi kabla ya wakati, nisameheni. Na Mama Roza? Mliponyosha mikono kuchota maji kwenye mtungi ule mlangoni mwa kanisa, hamkuuliza nani kayaleta. Kayapandisha yeye leo kutoka bondeni. Mimi nilikuwa nyuma yake nahema, na yeye ananiita, "Roza, kaza mwendo, tutachelewa kanisani!"