Sanda ya Bibi Holo na Dada Niliyemtunga

Wapendwa, Yesu yu hai! Nawasalimu ninyi wa mbele, na ninyi wa viti vya plastiki kule nyuma, ambao baadhi yenu mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Chekeni tu. Mnayo haki.

Ushuhuda huu nimeuandika kwanza kwenye karatasi, na nitausoma kama ulivyo, ili nisiongeze kitu. Mtaelewa mbele kwa nini mtu kama mimi anaogopa kuongeza kitu.

Wageni mliotoka Bariadi mjini hamnijui. Mimi ni Baba Kulwa, fundi redio hapa Dutwa. Shule niliishia darasa la saba. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa kitabu kilichokuwa kimenyofoka kurasa za mwanzo, kwa hiyo hadi leo najua kutengeneza redio, ila kile kitabu kilisema redio ni nini, sijui. Kila kazi ninayofanya naiandika kwenye daftari: redio ya nani, ilikuja na ugonjwa gani, ilipona kwa dawa gani. Ndivyo nilivyo.

Ndugu zangu, kulikuwa na mwimbaji akiitwa Siwema Ndalo. Vijana hamumjui vizuri. Aliimba enzi za kaseti, tulipokuwa tunarudisha mkanda nyuma kwa kuuzungusha na kalamu. Redio ya kwanza niliyoifufua kwa mikono yangu, nilipoiwasha ilikohoa, ikanyamaza, halafu sauti ya Siwema ikatoka ikiimba "Nirudishie Sufuria". Ni wimbo wa mwanamke anayemdai jirani sufuria yake wiki ya tatu sasa. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, sina sufuria wala jirani mwenye deni, lakini nilikaa chini nikalia kwa furaha.

Wimbo wake wa pili ninaoupenda ni "Nimekuja na Kuku". Siku nilipokwenda Kiloleli kujitambulisha kwa baba yake Mama Kulwa, nilikwenda na kuku mkononi, kama kijana mwenye adabu. Mzee yule hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na redio mbovu juu ya kabati. Kwa kuwa sikuwa na la kusema, niliomba niitazame. Niliifungua kwa kisu cha jikoni, nikaunga waya mmoja, na redio ikaanza kuimba: nimekuja na kuku, mama, nifungulie mlango! Kuku naye kwapani kwangu akaitikia. Mkwe wangu alicheka hadi akashika ukuta. Mke nilipata.

Wa tatu unaitwa "Kaa Hapa Nikuone". Huo ni wa taratibu. Nitaurudia baadaye.

Kisha niliokoka, nikabatizwa, na nikatamka mbele ya kanisa hili kwamba nimeacha muziki wa dunia. Baada ya miaka michache mkanichagua kuwa mzee wa kanisa. Wapendwa, niliwasumbua vijana wa kwaya! Niliwakamata na simu zao nje ya kanisa, nikawahubiria. Lakini kule kibandani kwangu, kila spika niliyoitengeneza ilibidi ipimwe. Na mimi niliamua, kwa sababu za kitaalamu kabisa, kwamba hakuna sauti ya kupimia spika kama ya Siwema Ndalo, kwa sababu inashuka chini vizuri na inapanda juu vizuri. Spika nyingine nilizipima siku nzima, mlango nimeufunga. Nilikuwa na daftari la pili, nalificha chini ya boksi la misumari, ambamo niliandika kila wimbo wake, nilipousikia mara ya kwanza na nilikuwa na nani. Huo ndio unafiki wangu, na nilikuwa nimeupanga kwa mistari.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mnada. Mama Kulwa alikuwa Lagangabilili, mdogo wake alikuwa amejifungua. Asubuhi nilikwenda kunyoa. Mashine ilipofika nusu ya kichwa, umeme ukakatika. Nikasubiri. Haukurudi. Kinyozi akasema, "Mzee, ama uondoke hivyo, ama nimalizie kwa wembe." Nikasema malizia. Nikatoka kichwa kikiwa cheupe kama yai.

Nilipofungua kibanda nikawasha redio ya betri, na mtangazaji akasema Siwema Ndalo amefariki kwa presha. Kisha, bila kutupa hata nafasi ya kukaa, akapiga "Nirudishie Sufuria". Ndugu zangu, mmewahi kulia kwa uchungu huku mtu anadai sufuria yake? Nilifunga kibanda, nikaenda nyumbani, nikakaa chini nimeegemea ukuta, nikalia kama mtoto.

Huku kwetu mnajua. Fundi amefunga kibanda siku ya mnada, amenyoa kwa wembe, amekaa ardhini analia mchana. Hapo hakuna anayehitaji tangazo la msiba. Wa kwanza kunikuta alikuwa jirani yangu Masanja, mwenyekiti wa kikundi chetu cha misiba. Aliegemeza baiskeli kwenye mchongoma.

"Ng'wadila, Baba Kulwa," akanisalimu kwa Kisukuma. "Ni nani?"

Wapendwa, hapo ndipo shetani aliponishika. Ningesema, "Ni mwimbaji." Lakini wiki iliyotangulia nilikuwa nimemnyang'anya mtoto wa Masanja simu kwa kosa la muziki. Nikasema, "Ni dada yangu."

"Yupi?"

"Wa Kahama."

Kahama ilitoka wapi sijui. Sina ndugu Kahama. Nimepita Kahama mara moja ndani ya basi, tena nikiwa nimelala.

Masanja alivua kofia, akanishika bega, akapanda baiskeli. Saa moja haikuisha, yadi yangu ikajaa. Kuni zikaja, unga ukaja, maji yakaja, turubai likafungwa. Kina mama waliingia wakilia, nami nikalia zaidi, sasa kwa woga. Na maswali yakaanza. Dada alikuwa na umri gani? Alikuwa na watoto? Niliingia chumbani nikafungua ukurasa mpya wa lile daftari la siri, nililokuwa nimelichukua kibandani, nikaanza kumwandika dada yangu ili nisijipinge. Jina nilimpa Siwema, maana halikunijia jingine, na kabla ya jioni alikuwa na mume, watoto wawili na kioski cha chapati.

Masanja akasema, "Kesho kutwa tunakwenda kuzika. Nimepata Canter."

Nikashtuka. "Hapana, kaka. Wameshamzika."

"Nani kamzika bila kaka yake?"

"Shemeji."

Hapo niliharibu kabisa. Wanaume wote chini ya turubai walisimama. Wakasema huyo shemeji ni mtu wa namna gani! Wakaamua Canter itakwenda Kahama hivyohivyo, kumuuliza huyo bwana ana kiburi cha nani. Ndugu zangu, watu wa Dutwa walilala na hasira juu ya mtu wa Kahama ambaye hajawahi kuzaliwa.

Asubuhi yake Mama Kulwa akashuka kwenye basi, akakuta turubai nyumbani kwake. Alitupa mfuko, akaanza kulia tangu barabarani, akidhani ni mimi. Aliponiona nipo hai, akauliza ni nani. Akaambiwa, "Pole, ni wifi yako wa Kahama."

Kilio kilikatika. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaniashiria chumbani.

"Baba Kulwa," alisema kwa upole ulionitisha, "huyo wifi tulimpata lini?"

Nikamwonyesha daftari. Akasoma. Alipofika kwenye jina, akaketi kitandani. "Siwema? Siwema wa kuku?" Nikaitikia kwa kichwa. "Na hawa watoto wawili?"

"Niliulizwa."

"Na chapati?"

"Niliulizwa alikuwa anafanya kazi gani."

Mke wangu alifunika uso kwa kanga na mabega yakaanza kutikisika. Wanawake mlangoni wakasema, masikini, walipendana sana na wifi yake. Alipofunua uso hakuwa anacheka tena. Aliniambia, "Mchungaji anakuja saa nane na kwaya. Utasimama wewe mwenyewe useme. Mimi sitakusemea, na sitakudanganyia."

Wapendwa, hata hapo nilikuwa bado napanga jinsi ya kupona. Nilikuwa nimeshafikiria kuugua.

Kabla ya saa nane akafika Bibi Holo. Mnamfahamu, yule pale benchi la pili. Mguu wake mmoja hautaki kazi, lakini alitembea kutoka ng'ambo ya josho la ng'ombe kwa fimbo. Chini ya kwapa alikuwa na kifurushi kimefungwa kwa kanga kuukuu. Akaniita kando.

"Mwanangu," akasema, "nimesikia wale watu wa Kahama walimzika haraka haraka. Labda hata hawakumvika. Hii ni sanda yangu. Nimeitunza sandukuni mwaka wa tisa. Muipeleke, hata kama ni ya kuweka juu ya kaburi, wajue kwao kulikuwa na watu."

"Mayu, mama yangu," nikasema, "na wewe je?"

"Mimi nitamwambia Mungu anisubirishe kidogo."

Akaniwekea ile nguo mikononi. Nyeupe, imekunjwa vizuri, inanuka sabuni. Ndugu zangu, nimeshika waya zenye umeme mara nyingi katika kazi yangu. Hakuna iliyonipiga kama ile nguo!

Mchungaji akafika, kwaya ikajipanga, akasema sasa ndugu yetu atasoma historia ya marehemu. Nikasimama. Sanda mkono wa kushoto, daftari mkono wa kulia. Nilikuwa na kurasa mbili za uongo zimeandikwa vizuri, na hakuna mtu pale ambaye angeninasa isipokuwa mke wangu, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko ameshika mwiko. Nikamwomba Mungu, neno moja tu: nisaidie. Nikafunua kurasa za nyuma, zile za nyimbo.

Nikasema, "Sina dada Kahama. Aliyefariki ni Siwema Ndalo, mwimbaji. Nililia kwa ajili yake, nikaona aibu, nikawadanganya." Kisha nikasoma daftari. Nikasoma wimbo wa sufuria na redio yangu ya kwanza. Nikasoma wa kuku na mkwe wangu. Nikataja na spika zote nilizodai kuzipima. Nilisoma bila kuinua macho.

Nilipomaliza nikafunga daftari. Jogoo aliwika, wala hakuna aliyemfukuza. Masanja akakaa polepole kama mtu aliyeambiwa Canter imepinduka. "Kwa hiyo shemeji...?"

"Hayupo."

"Nimemtukana usiku kucha!"

Mwalimu wa kwaya, kijana niliyemhubiria mara nyingi kuliko wote, akauliza kwa heshima, "Mzee, na zile spika, zimepimwa vya kutosha?"

Watu wakaanza kunung'unika. Wengine walikuwa wameacha pamba shambani, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mama mmoja alisimama kuchukua unga wake. Ndipo Bibi Holo akapiga fimbo chini.

"Ngojeni. Huyu Siwema ndiye aliyeimba 'Kaa Hapa Nikuone'?"

"Ndiye, mayu."

"Mzee wangu mwaka wake wa mwisho alikuwa haoni kabisa," akasema. "Lakini kila siku aliutaka wimbo huo. Redio ikafa, nikaileta kwako, ukaitengeneza. Nikamwambia, wewe kipofu, unataka kumwona nani? Akasema, wewe." Akafuta pua. "Kumbe Siwema amekufa. Basi mimi nimefika kwenye msiba wangu. Anayetaka kuondoka na unga aondoke."

Akaanza kuuimba. Sauti yake ni kama mlango wenye kutu, mtanisamehe, mayu, lakini hakukosea hata neno. Mama Kulwa akaitikia kutoka jikoni. Kisha mama mwenye unga, kisha wanaume. Halafu mtu akaanzisha ule wa sufuria, na ikaonekana kwamba hapa Dutwa kila nyumba ina sufuria ya jirani. Mchungaji hakuimba. Nasema hivyo kwa usahihi. Lakini kiatu chake cha kulia nilikiona kikigonga chini.

Chakula kilikuwa kimeiva, tukala. Baada ya kula nikahukumiwa. Kikundi kilinitoza mbuzi, na nitengeneze redio zote za majirani bure hadi pamba iishe kuvunwa. Kanisa lilinivua uzee wa kanisa, nami nilistahili. Vijana wa kwaya niliwaomba radhi mmoja mmoja, na kila mmoja alinichelewesha kwa makusudi kabla ya kusema amenisamehe.

Nilimrudishia Bibi Holo sanda yake kwa mikono miwili. Akaikagua pande zote. "Vizuri hujaichafua," akasema. "Huyo Siwema walimvika watu wenye uwezo. Hii bado naihitaji."

Ndugu zangu, mimi nimefunguliwa. Usiku ule nililala bila kukumbuka majina ya watoto wa mtu yeyote. Asante Mungu, uliyenitoa kwenye shimo nililochimba mwenyewe na kulipima kwa rula! Asante Mama Kulwa, uliyekataa kunidanganyia. Asanteni majirani, mlionililia dada ambaye hakuwapo, maana sasa najua siku nitakayofiwa kweli mtanifanyia nini.

Na wewe uliyeketi hapo na dada yako wa Kahama, usimwongezee mtoto wa tatu. Mlete hapa mbele leo. Yesu atampokea, na sisi tutacheka kidogo, kisha tutakula pamoja.

Nilikuwa na la mwisho la kusema, lakini Bibi Holo ananionyesha mfuko aliouweka chini ya benchi. Redio yake imekufa tena. Niishie hapo, niende nikaitengeneze. Nikimaliza nitaipima mlango ukiwa wazi.