Dimyana na Chupa ya Maji ya Moto

Marehemu Dimyana Wissa Habib alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 mjini Abu Tig, mkoani Asyut, Misri, mtoto wa tatu wa fundi viatu Wissa na mkewe Matilda. Alisoma kwa watawa, kisha akahitimu uuguzi mjini Asyut mwaka 1979.

Mwaka 1983 aliolewa na Shukri Bushra, karani wa reli. Siku ya kwenda fungate alirudi nyumbani mara mbili kuhakikisha gesi imefungwa. Ilikuwa imefungwa. Treni ya Luxor iliondoka bila wao.

Mwaka 1997 hospitali alikofanya kazi ilianza kupasua utumbo mpana kwa matundu madogo, bila kufungua tumbo zima, naye akapewa kushika kamera inayoingizwa tumboni. Daktari huona kwa mkono wa mshika kamera. Mkono huo ukitikisika, mgonjwa yumo hatarini. Dimyana alitetemeka hata akipokea simu, lakini katika chumba cha upasuaji hakutikisika kwa miaka kumi na tisa. Lenzi ikiwa baridi hupata ukungu tumboni, hivyo aliichovya katika chupa ya maji ya moto, na kila baada ya muda aliuliza, “Maji ni moto?”

“Dada Dimyana, naona ukungu,” profesa aliyekuwa akipasua alilalamika siku moja.

“Pangusa miwani yako, Daktari. Lenzi yangu imeoga.”

Oktoba 2016 alikutwa na uvimbe kwenye utumbo wake mwenyewe. Binti yake Sylvia alikuwa aolewe Januari. Kisu hakukiogopa, alimwogopa mshika kamera, Daktari Abanub, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi hiyo.

“Wewe mwanangu huota mchana.”

“Kwa kelele zako, Mama, nani angepata nafasi ya kuota?”

Dawa ya usingizi ilipoanza kumchukua, aliuliza, “Maji ni moto?”

“Moto.”

“Umeyagusa?”

“Nimeungua kidole, Mama.”

Ndipo akalala.

Tarehe 22 Januari 2017 alicheza harusini kwa Sylvia, baada ya kurudi kuangalia gesi.

Ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye ini. Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, nyumbani, mikono ikimtetemeka, aliuliza tena habari ya maji. Abanub alikwenda jikoni, akachemsha, akaja kumshikisha chupa. Mikono ikatulia. Haikutikisika tena.

Ameacha mume, Shukri, watoto, Sylvia na Rafiq, mjukuu mmoja, na Daktari Abanub, ambaye si wa ukoo ila amekataa kuondolewa kwenye orodha hii.

Pumzika, Mama. Gesi imefungwa. Maji ni moto.