Cosmas Tarimo na Makasha Yasiyofunguliwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kanda za sauti hapa chuoni, Ndugu Cosmas Tarimo anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Uongozi, kwa busara yake ya kawaida, umemzawadia saa ya ukutani siku ambayo hana tena haja ya kuwahi kazini.

Cosmas alitoka Rombo kuja huku ughaibuni na sweta la kijivu, ambalo analo hadi leo, akakabidhiwa kanda za Kiangami, lugha ya Wanaga wa kaskazini-mashariki mwa India, pamoja na lahaja zake. Alijifunza kwa kusikiliza. Bahati mbaya wengi waliorekodiwa walikuwa vikongwe, kwa hiyo Mrombo wetu anazungumza Kiangami cha bibi wa miaka themanini, kikohozi kikiwamo.

Mwaka 2014 walikuja washauri waliovaa suti za kubana. Walitazama rafu dakika kumi, wakaamua kuwa lahaja ni nakala tu: kibaki Kiangami cha mji wa Kohima, vingine vyote vitupwe, chumba kiwe mkahawa wa wafanyakazi. Cosmas aliwaeleza kwamba kwao Uchagani ukivuka makorongo mawili matatu unahitaji mkalimani. Wakamshukuru kwa mchango wake. Mimi Sesilia, mwenzake kazini, nilikuwa nimekaa palepale, na hasira ile haijanitoka.

Basi akatii. Alibandua lebo zote za lahaja, akabandika nyingine: Miongozo ya Usalama Kazini. Makasha mia mbili na kumi yakabaki ukutani, nyuma ya mashine ya kahawa, na kwa miaka kumi na moja hakuna bosi aliyefungua hata moja. Cosmas alipewa cheti cha kusafisha chumba.

Machi mwaka huu Kevinuo, muuguzi anayekaa Tooting, mtaa wa hapa jijini, alikuja kuulizia kanda za Khonoma, kijiji cha bibi yake. Cosmas akashusha kasha. Kevinuo akamsikia marehemu bibi yake akisimulia, huku akifukuza kuku. Alilia, akacheka, akaomba irudiwe. Cosmas alipomuaga kwa Kiangami chake cha kizee, ilibidi binti wa watu akae chini kwa kicheko.

Wenzangu msihofu kwamba nimetoboa siri. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeomba wasifu huu uwe wa Kiswahili, ili jarida lionekane la mataifa yote. Hajauliza wasifu unasema nini.

Asante, kaka Cosmas. Ustaafu wako uwe mtamu, na hilo sweta nalo lipumzike. Funguo ninazo mimi. Jumamosi Kevinuo anamleta mama yake.