Hudson Mghanga na Boti ya Bata Mwitu

Zamani mtu akifa majirani walifika na kuni, maji na sufuria kabla jeneza halijachongwa. Leo tunapiga simu, chakula kinaletwa na gari, na hakuna anayejua kimepikwa na nani. Hudson Mghanga alikuwa mtu wa zama zile, na aibu yake pia ilikuwa ya zama zile.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 hapa Mbololo, akimfuata kaka yake Bernard, ambaye wasifu huu unasomwa kwa kinywa chake. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1966. Sekondari hawakuiona, yeye wala Bernard. Walijisomea magazeti makuukuu yaliyofungiwa sukari dukani.

Mwaka 1970 aliajiriwa karakana ya reli, Voi, akipiga riveti za kuunganisha mabati hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1996. Tarehe 6 Desemba 1975 alimwoa Penina Wakio wa Marungu. Siku ya kujitambulisha ukweni aliona birika linavuja, akaliziba kabla hajaeleza kilichomleta. Mama mkwe akasema, “Huyu hata asiposema, tumesikia.”

Mwaka 1998, mvua kubwa zilipolijaza Ziwa Jipe na bata mwitu wakatua kwa makundi, Hudson, aliyekuwa na kibali cha kuwinda ndege, alipata boti ndogo ya alumini iliyotupwa na wavuvi. Akainyoosha mbavu, akaipaka rangi ya tope isimeremete, akaizungushia matete ya kujifichia. Ikabaki sakafu, iliyotoboka kama chujio. Bati la alumini halikupatikana Voi nzima. Stooni kwake ndiko zilikowekwa sufuria kubwa za mazishi za kijiji, maana hakuna aliyeaminiwa kumzidi. Akazikata, akazipigilia sakafuni. Alijiambia atanunua nyingine kabla mtu hajafa.

Boti haikuvuja hata tone. Alirudi kutoka Jipe na bata mabegani, akipiga mluzi, akakuta akina mama wamejaa uani. Jirani yake, Mzee Kituku, alikuwa amefariki alfajiri.

“Baba Carolyne, tufungulie stoo,” alisema Jemimah, kiongozi wao.

“Sufuria ziko Jipe.”

“Zimeenda kuoga?”

Ikambidi aseme. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, “Basi ilete hiyo boti tupikie wali!”

Wakacheka, na maiti hajapoa. Siku ya mazishi kila nyumba ilileta kisufuria chake, lakini wageni wa Kasigau waliondoka na njaa. Bata wake aliwatoa wote. Wakaoza wakining'inia, hakuna aliyewagusa.

Sufuria mpya alizileta mwezi uliofuata. Uso wake haukurudi. Boti aliwaachia wavuvi, na tangu hapo hakukanyaga mazishi ya mtu. Hata ya mama yake mzazi aliyatazama akiwa nje ya ua, na Bernard akaona haya kumwita, akaona haya kumwacha.

Alianza kuugua figo mwaka 2023, akafariki hospitalini Voi tarehe 9 Juni 2025. Ameacha mjane Penina, watoto Carolyne na Stephen, wajukuu wanne, na kaka yake.

Bernard alimwona mara ya mwisho mwezi Mei, kabla ya kusafiri. Hudson aliomba apelekwe kwa Ndulu, mjane wa Kituku. Njiani alisema, “Siku yangu ikifika usinipambe, kaka. Soma ya sufuria.” Imesomwa.

Alipofika alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

“Unalinda mlango wangu dhidi ya nani?” Ndulu akamuuliza. “Miaka yote napika, wewe unapita mbali kama mbwa aliyeiba. Ingia ule, jirani.”

Akampakulia mahindi na maharagwe. Bernard alimwacha hapo, ameinamia sahani, hathubutu kuinua macho, lakini anakula.

Alale salama, mwana wa mama.